Daftari la Madeni

Duka nililifunga mwezi wa masika.
Mizani ilichukuliwa na muuza dagaa,
daftari la madeni halikupata mnunuzi.
Kurasa sitini na mbili zilibaki tupu,
zimeshapigwa rula kwa mkono wangu:
Jina. Kiasi. Amelipa.
Nikasema basi, miti nitaisomea humu humu.

Chuo changu hapa Muheza hakina kengele.
Mwanafunzi mimi, mkuu wa chuo mimi,
na mchelewaji wa kila siku ni mimi.

Sheria ya kwanza niliiandika kwa wino mwekundu:
mti mmoja kwa mwezi, usirukie wa pili
mpaka wa kwanza uujue ukiwa mbichi, umekauka,
umetwangwa, na kwa pua tu, kanga imefungwa machoni.
Nikaanza na kivumbasi, maana kipo uchochoroni
na hakidai nauli.
Siku ya nne nikakiita mrehani.
Semeni mwanangu alicheka hadi akakaa chini.
Nikajirudisha darasa.

Safu ya Jina ilinitoa jasho.
Mti una jina la Kibondei, la Kisambaa kule mlimani,
la Kidigo ukishuka pwani;
na kuna jina moja linalobeba miti miwili,
kama mapacha walioandikiwa kadi moja ya kliniki.
Kupaza wa sokoni alinifundisha mizizi mitano,
miwili ya uongo.
Nimeiandika yote mitano.

Shemweta, aliyewahi kubeba mikoba ya wataalamu Amani,
alinionyesha kulibana jani ndani ya gazeti,
tofali juu, siku nane, karatasi ubadili kila asubuhi.
"Andika ulipolichuma," alisema,
"na nani alikuona."
Hivyo jani langu la mkwamba limelala mpaka leo
juu ya habari kwamba Coastal wamefungwa mawili.

Kiasi. Hapo nimekaa miezi.
"Konzi moja," wananiambia. Konzi ya mkono wa nani?
"Chemsha mpaka maji yakwambie."
Mimi, niliyekuwa napima sukari robo kwa robo
huku wateja wamekodoa macho kwenye mshale!
Nikatunga ubeti, niukariri nikifua:

Mtunguja una miba, tunda lake ni manjano,
si la mtoto kushiba, si la kuchezea meno,
mzizi wake ni tiba, nasikia kwa maneno,
kiasi chake sijui, sitautia kinywani.

Usiku mmoja wa Julai Mwantumu alibisha,
mtoto mgongoni, anachemka, shingo imekakamaa.
"Wewe si unasoma dawa?"
Neno lile lilinitisha kuliko joto la mtoto.
Nilifunua daftari kwa tochi ya simu,
ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikitetemeka.
Shingo ngumu: sina jina, sina kiasi.
Nikalifunga kwa kishindo, nikamwita Mbelwa na bodaboda yake,
tukaingia Teule mimi nina kandambili moja.

Siku kumi na moja alilazwa. Sasa anatembea, anaiba maembe.

Jumapili Mwantumu akaja na tetea mwekundu,
ati ada ya mganga.
Nikamwambia mganga alikuwa sindano, na Mbelwa.
Akaitika, akamwacha tetea mlangoni, akaenda zake.
Nikachukua kalamu.
Jina: homa ya shingo ngumu.
Kiasi: mbio, na nauli elfu mbili.
Amelipa: hapo kalamu iligoma,
maana sikujua mdaiwa ni nani kati yetu.

Mwezi huu ni zamu ya mchaichai.
Jina nimeshaliandika.
Tetea amechakura kitalu chote,
na mimi nimepiga magoti uani, kanga machoni,
nanusa udongo, natafuta kilichobaki.